Jaribio Lililofeli Nalo Liandikwe

 Wazazi wa wahitimu wetu, nawaona mmeketi juani tangu asubuhi. Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa mke wangu kacheka aliposikia ahadi hiyo.

Kazi yangu ni seli za haidrojeni. Haidrojeni inakutana na oksijeni, unapata umeme na maji. Wanaanga wa Apollo waliyanywa maji hayo. Teknolojia yenyewe ni kongwe, William Grove aliionyesha mwaka 1839. Kwa nini basi bado ghali? Mtasema platinamu inayotumika kama kichocheo, na ni kweli. Lakini ugomvi wangu mimi ni na madaftari ya maabara.

Katika maabara moja ughaibuni, seli zetu zilikuwa zikivujisha gesi. Tukalaumu utando, tukalaumu muuzaji, tukaagiza utando mwingine. Kumbe bolti zilikazwa mno, nyuzi za karatasi ya kaboni zikautoboa utando. Fundi aliyelijua hilo alishastaafu. Maelezo yake tuliyakuta baadaye kwenye faili liitwalo "ripoti ya mwisho kabisa 2". Mnacheka? Fungueni kompyuta zenu!

Zana za kutunza maarifa zipo. Kule Golden, Colorado, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ilikusanya takwimu za kampuni zinazoshindana, ikazichanganya siri ya yeyote isitoke, kisha ikachapisha uimara wa seli kwa ujumla. Mwaka 2020 mradi wa Open Catalyst ulitoa bure hesabu zaidi ya milioni 1 za vichocheo, akili mnemba ijifunzie. Nawapongeza. Ila hesabu za kompyuta hazikazi bolti.

Hata tokeo la maabara lina masharti: ukiniletea "wati 1 kwa sentimita mraba" bila joto, unyevu, shinikizo na kiasi cha platinamu, hujaniletea kitu. Na majarida yanapenda ushindi tu. Mashine iliyolishwa ushindi mtupu itakupendekezea, kwa kujiamini kabisa, jaribio lililokwisha kufeli kwa jirani yako. Hili linaniudhi kuliko bei ya platinamu.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkiajiriwa ulizieni kanzidata ya majaribio kabla ya kuulizia ofisi. Mkiikuta, jazeni yaliyofeli pamoja na masharti yake. Msipoikuta, anzisheni, hata kwa jedwali la kawaida, na mafaili yapeni majina yanayoeleweka.