Chuma Kilichopitia Moto: Kipi cha Kutengeneza, Kipi cha Kuweka Kando

Mazungumzo ya afisa wa zimamoto na wakazi pamoja na mafundi wa Shauri Moyo

 

Mara nyingi tukija hapa huwa tunazungumza juu ya kuzuia moto. Leo nataka tuzungumze juu ya siku inayofuata moto. Mnaijua siku hiyo. Hapa jirani, moto wa Gikomba wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15, na ukateketeza mali ya wengi ambao riziki yao yote ilikuwa ndani ya vibanda. Moto ukishazimwa, watu hupekua jivu. Nguo hazipo, mbao hazipo, karatasi hazipo. Kinachobaki ni chuma: cherehani ya mama, nyundo na tindo za mzee, jeki, mtungi wa gesi. Na wako wachache wanaookota bunduki ya babu.

Kwa sababu chuma kimebaki na umbo lake, tunasema kimepona. Tunakipiga msasa, tunakipaka rangi, kinarudi kazini. Hapo ndipo penye hatari. Moto unaweza kuondoa nguvu ya chuma bila kugusa sura yake.

Moto hufanya nini kwa chuma

Fundi yeyote wa Kamukunji anajua kwamba tindo hupata ugumu wake kwa moto. Huchomwa hadi iwe nyekundu, huzamishwa katika maji au oili, kisha hupashwa tena kidogo ili isivunjike kama kioo. Ugumu huo ulioingia kwa moto hutoka kwa moto. Chombo cha aina hiyo huanza kupoteza ugumu kikipata joto la nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi. Nyumba ikishika moto, joto ndani yake hupita nyuzi 600, na mara nyingine hukaribia 1,000.

Tena kuna jambo la pili. Sisi wa zimamoto tunakuja na maji. Chuma chekundu kikimwagiwa maji ghafla, kile kinachokubali ugumu hugeuka kigumu kupita kiasi na kuvunjika kwa urahisi. Chuma cha kalibu, kama mwili wa cherehani za zamani, kinaweza kupasuka ufa mwembamba usioonekana chini ya masizi. Kwa hiyo baada ya moto mmoja unaweza kupata nyundo mbili za ndugu mmoja, moja imekuwa laini na nyingine imekuwa kama kigae.

Namna ya kukadiria joto

Usianze na chombo chenyewe. Tazama vilivyokuwa karibu nacho. Beseni la plastiki huyeyuka kabla joto halijafika nyuzi 200. Risasi ya kulehemu inayotumiwa kwenye redio huyeyuka karibu na nyuzi 190. Zinki inayopakwa juu ya mabati huyeyuka karibu na nyuzi 420. Sufuria ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na waya wa shaba kwenye nyuzi 1,085.

Ukikuta sufuria imekuwa donge kando ya sanduku la vifaa, basi kila springi na kila chombo kilichotiwa ugumu ndani ya sanduku hilo kimeharibika, hata kama kinang'aa. Ukikuta beseni la plastiki pale pale halijajikunja, una sababu ya kuwa na matumaini.

Baada ya hapo kipime chombo. Kwaruza kwa tupa mahali panapotakiwa kuwa pagumu. Tupa ikiteleza, ugumu bado upo. Ikiuma na kutoa unga, ugumu umeondoka. Bonyeza springi. Isiporudi, itupe. Kining'inize chuma cha kalibu kwa kamba na ukigonge taratibu. Chenye afya hulia kama kengele, chenye ufa hutoa mlio mfu. Weka rula ya chuma juu ya sehemu iliyopaswa kunyooka na utazame kama mwanga unapita katikati.

Swali la kujiuliza kabla ya kutengeneza

Vipimo hivyo vina mipaka. Vinaweza kukuambia kwamba chombo kimeharibika, lakini havitoshi kukuhakikishia kwamba ni kizima. Ndiyo maana kuna swali moja la kujiuliza kabla hujatoa pesa kwa fundi: kikivunjika kikiwa kazini, nani ataumia?

Chukua cherehani ya kukanyaga. Ikikwama, hasara ni uzi na muda. Kama mwili hauna ufa na mhimili haujapinda, badilisha springi, sindano na sehemu za bobini, safisha, tia oili, irudi kushona. Ya umeme iangaliwe mota na fundi wa umeme, kwa maana ngozi ya waya huwa imeungua. Cherehani iliyosomesha watoto haifai kuuzwa kwa uzito wa chuma chakavu kabla haijapimwa.

Nyundo na tindo ziko katikati. Fundi anayejua anaweza kuzitia ugumu upya tangu mwanzo. Lakini asizitumie kabla ya kufanya hivyo, maana kipande kinachoruka kutoka tindo iliyokauka huingia jichoni.

Jeki, na mnyororo wa kuinulia injini, usirudishe kazini. Chini yake hulala mtu.

Mtungi wa gesi, tangi la kompresa na mitungi ya mafundi wa kuchomelea: hapana. Chuma chake kimedhoofika na mpira ndani ya valvu umeungua. Usiupake rangi, usiukate, usimpe mtu akujazie. Hata mtungi unaoonekana mtupu unaweza kuwa na gesi. Kwa kanuni za gesi za mwaka 2019, mtungi wa nyumbani hujazwa na mwenye chapa au aliyeidhinishwa naye, basi mjulishe muuzaji wako kwamba umepitia moto, ili uondolewe kwenye biashara. Ukinyamaza, utauziwa jirani yako.

Bunduki ya babu

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa maana watu huuliza kwa kunong'ona. Nchi hii iliruhusu uwindaji kwa leseni hadi ulipopigwa marufuku mwaka 1977, na zipo familia ambazo mzee wao alimiliki bunduki kihalali. Mzee amefariki, bunduki imebaki juu ya dari, nyumba imeungua. Mbao ya kitako imekuwa makaa, lakini chuma kiko. Je, ifungwe kitako kipya?

Jibu la chuma ni hili. Risasi ya bunduki kubwa ya zamani, kama ile ya .303 waliyoibeba askari wa KAR huko Burma, ikilipuka hutoa shinikizo lililo zaidi ya mara 3,000 ya hewa iliyotuzunguka. Kinachozuia shinikizo hilo ni chemba na komeo, vyuma ambavyo nguvu yake ilitokana na kuchomwa kwa kipimo kiwandani. Jicho na mkono wa mpigaji viko sentimita chache tu nyuma yake. Rangi mpya na kitako kipya havirudishi nguvu hiyo. Kusema "tuijaribu kwa risasi moja" hakuthibitishi lolote: inaweza kustahimili ya kwanza na kupasuka kwa ya tatu. Serikali yenyewe ikitaka kuua bunduki huitia moto. Mwaka 2016 huko Ngong zilichomwa zaidi ya bunduki 5,000 zilizokamatwa au kusalimishwa.

Jibu la sheria nalo liko wazi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hupewa mtu, na mtu huyo akifariki mtoto hakirithi. Kuungua hakuifanyi bunduki kuwa chuma chakavu. Na fundi ambaye hakusajiliwa kwa kazi hiyo haruhusiwi kuitengeneza, hata akiwa hodari namna gani. Akiipokea, mnaingia matatani wote wawili.

Basi ukiikuta kwenye jivu, usiiinue. Huenda ina risasi ndani, na risasi iliyopikwa na moto haiaminiki. Waondoe watoto, weka mtu wa kulinda mahali hapo, na upige simu 999 au 112, au umtume mtu Kituo cha Polisi cha Shauri Moyo. Usiibebe barabarani. Kama kuna cheti cha marehemu au nakala yake, kitoe. Kitawaonyesha polisi kwamba silaha ilikuwa halali na mlikuja wenyewe.

Najua ni vigumu. Mtu aliyepoteza nyumba anaombwa aachie na kile kimoja kilichobaki cha babu yake. Lakini urithi si lazima ufanye kazi ili uwe urithi. Nyundo iliyolainika inaweza kutundikwa ukutani. Picha ya mzee akiwa na bunduki yake, pamoja na habari za maisha yake, mtoto anaweza kuzirithi bila cheti na bila hofu.

Kwa kumalizia: tazama vilivyoyeyuka kando yake, pima kwa tupa na kwa mlio, kisha ujiulize nani ataumia. Cha kushona na kupika, tengeneza. Cha kugongea, mpe fundi anayejua kutia ugumu. Cha kuinua mzigo au kubana gesi, ondoa. Bunduki, ita polisi.

Vijana, mwambieni na jirani ambaye hakuja.