Joto na Uimara wa Kiungo cha Chuma


Katika ukaguzi wangu kati ya Njombe na Makambako, hati za malipo zimenionyesha tela lile lile likichomelewa mara tatu kwa msimu mmoja. Chanzo ni joto. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Sentigredi. Lakini pande nene hulifyonza joto upesi, hasa asubuhi za baridi, na kiungo hushika juu juu tu. Likizidi, bati jembamba hupinda. Mashine za leza hukusanya joto mahali padogo, hivyo chuma hakipindi sana. Sisi wenye mashine za kawaida tupashe moto kwanza pande nene, vijiti viwe vikavu, na katibu asilipe kabla kiungo hakijajaribiwa. Fedha hiyo ni jasho la mkulima.