Maradhi ya Hofu Ibakiayo, na Tiba ya Kusogeza Macho

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bongwe



Tumeagizwa na Kamati tuseme maneno machache juu ya afya, kama ilivyo desturi ya mkutano huu. Juu ya malaria, maji safi na uzazi salama yamekwisha kusemwa mengi, nayo yataendelea kusemwa maana yana haja. Safari hii twaomba ruhusa tuseme juu ya maradhi yasiyo na homa wala kidonda, nayo ni hofu ibakiayo moyoni mwa mtu baada ya msiba kupita.

Wazee wetu waliyajua maradhi haya kabla ya madaktari kuyaandika, ndiyo maana wakasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu yenyewe si ugonjwa. Mwenyezi Mungu ameiweka ndani yetu ili itulinde. Mtu aliyeokoka katika ajali ya gari hukosa usingizi siku kadhaa, kisha kwa dua, kwa jamaa na kwa kazi, moyo hutulia. Wengi hupona hivyo. Lakini wako ambao mwezi hupita, na mwaka hupita, na jambo lile halijapita. Huliota usiku, na mchana huliona kana kwamba linatendeka upya. Huikwepa njia, au mahali, au watu wanaomkumbusha. Mlango ukibamizwa, huruka. Huwa mkali kwa mkewe na wanawe bila sababu, na furaha humtoka. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumzuilia mtu kazi na maisha yake, madaktari huihesabu kuwa ni ugonjwa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliuita mshtuko wa makombora, na askari wengi walioupata walidhaniwa kuwa ni waoga. Jina rasmi la kitabibu lilitolewa na madaktari wa Marekani mwaka 1980. Kwa Kiswahili neno kiwewe latosha.

Je, maradhi haya yanatuhusu sisi wa pwani hii ya kusini? Hapana haja ya kwenda mbali. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, ikiwa imejaa watu waendao kazini, wakafa watu 272. Kila aliyeokoka katika maji yale, na kila aliyesimama ufuoni akitazama, ana macho yaliyoona. Kisha usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yakaenea hata katika Kwale yetu. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakayakimbia makao yao, wengi wao ndugu zetu waliotoka bara. Katika misako iliyofuata, vijana wengi wa pwani walikamatwa, na wengine wakapigwa na kuteswa. Serikali iliunda Tume ya Jaji Akiwumi mwaka 1998, mashahidi wakasikilizwa, ripoti ikaandikwa.

Hatuyataji haya ili kufukua makaburi wala kumtafuta mwenye makosa; hiyo si kazi ya hotuba hii. Twayataja kwa kuwa tume husikiliza ushahidi, lakini haitibu. Aliyeona nyumba ya jirani ikiteketea, aliyekimbia na mtoto mgongoni, na kijana aliyepigwa ndani ya seli, wote watatu waweza kuwa na maradhi mamoja hata leo, ingawa kila mmoja alisimama upande wake. Maradhi hayaulizi kabila.

Sasa twafikia jambo linalofanya ugonjwa huu uwe mgumu kwetu zaidi. Watu wetu ni watu wa sitara. Aibu ya mtu hufunikwa, na siri ya nyumba haitolewi uwanjani. Desturi hiyo ni njema, nayo imetuhifadhia amani baina ya jamaa na jamaa. Walakini mtu akiambiwa kwamba hatatibiwa mpaka asimulie yote yaliyompata, neno kwa neno, mbele ya mgeni, hugeuka akarudi nyumbani. Mwanamke aliyevunjiwa heshima hatasema. Aliyemtambua mtu katika kundi la washambuliaji hatasema, maana mtu huyo labda yu hai na hukutana naye msikitini au sokoni. Basi hunyamaza, na maradhi hukaa naye.

Ni kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza juu ya tiba moja isiyomdai mgonjwa masimulizi yote. Ni tiba ya kusogeza macho, ambayo wataalamu huitaja kwa herufi nne, EMDR. Aliyeianzisha ni Bibi Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2019. Mwaka 1987, akitembea bustanini, alitambua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua ukali macho yake yalipokwenda upesi huku na huku. Akalijaribu jambo hilo kwa wengine, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza, uliohusu watu 22. Wataalamu wengi walimdhihaki, wakasema ni mazingaombwe. Lakini tafiti zilifuatana, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii, pamoja na tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra, kuwa ni miongoni mwa tiba za kiwewe zinazofaa kwa watu wazima na kwa watoto.

Tiba yenyewe ina hatua nane, na macho hayaguswi mpaka baadaye. Kwanza tabibu huuliza habari za maisha ya mgonjwa. Pili humfundisha namna ya kujituliza, ili asizidiwe. Tatu mgonjwa huchagua picha moja ya tukio, ile imwumizayo zaidi, na kuipima hofu yake toka 0 mpaka 10. Husema pia neno baya analojiambia, mathalani, "Mimi ni mkosaji," na neno jema ambalo angependa kuliamini, mathalani, "Nilifanya niliyoweza." Ndipo ije hatua ya nne. Tabibu huinua vidole viwili, akavipeleka kulia na kushoto, na mgonjwa huvifuata kwa macho pasipo kugeuza kichwa, huku ameishika picha ile moyoni. Baada ya kama nusu dakika husimama, huvuta pumzi, na kuulizwa aona nini sasa. Hujibu kwa maneno machache, kisha huanza tena, na tena, mpaka hofu ishuke. Katika hatua ya tano neno jema hutiwa nguvu. Katika ya sita mwili huchunguzwa, kama kuna mahali palipokaza bado. Katika ya saba mgonjwa hutulizwa kabla ya kwenda zake, na ya nane hufanywa siku nyingine, kutazama kama nafuu imedumu. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90. Aliyepatwa na tukio moja huenda akatoshwa na vikao vichache; aliyeumizwa tangu utotoni huhitaji muda mrefu zaidi. Asiyeweza kutumia macho hugongwagongwa polepole mikononi, kulia na kushoto kwa zamu.

Wazee wataona hapo kwamba mgonjwa hakutakiwa kumtaja mtu, wala kueleza kila kilichotendeka. Tabibu ahitaji kujua kwamba picha ipo na kwamba hofu yapungua. Sitara yabaki.

Hata watoto wamesaidiwa. Mwaka ule ule wa 1997, mwezi wa Oktoba, tufani iitwayo Pauline iliupiga mji wa Acapulco katika Meksiko. Mwaka uliofuata Bibi Lucina Artigas, akiwatibu walionusurika, aliwafundisha kupishanisha mikono kifuani na kujigongagonga taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, mfano wa mabawa ya kipepeo. Namna hiyo hutumika leo katika nchi nyingi, hasa kwa watoto walio wengi pamoja.

Mtu aweza kuuliza, macho na moyo vina uhusiano gani? Haifai tuwadanganye kwamba jambo hili limekwisha kufahamika lote. Maelezo yenye nguvu ni haya: akili ya mtu haiwezi kubeba mizigo miwili mizito kwa wakati mmoja. Akiikumbuka picha ya kutisha huku macho yakifanya kazi ya kufuata vidole, picha hukosa nafasi ya kutosha, ikafifia. Na ikirudishwa katika kumbukumbu hurudi imefifia. Mwaka 2001 wataalamu Davidson na Parker walizikusanya tafiti zilizokuwapo wakasema kwamba kusogeza macho hakukuongeza kitu, bali faida ilitokana na kulikabili jambo lenyewe kwa utulivu. Mwaka 2013 Lee na Cuijpers walikusanya tafiti nyingine wakaona kwamba macho yanasaidia kweli. Mabishano hayo yangaliko. Lisilobishaniwa sana ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu. Wala tusivuke mpaka: ushahidi huo una nguvu juu ya hofu iliyozaliwa na msiba. Juu ya wasiwasi wa namna nyingine, usio na tukio nyuma yake, ushahidi ni mchache zaidi, na tabibu huenda akashauri tiba nyingine.

Hapa twatoa onyo. Kwa kuwa tiba hii yaonekana rahisi, asitokee mtu akampungia jirani yake vidole na kumtoza fedha. Kufungua jeraha la moyo ni rahisi. Kulifunga ndiyo kazi, na ndiyo sababu ya hatua zile nyingine zote. Baada ya kikao mgonjwa aweza kuota sana siku mbili tatu au kukumbuka mambo aliyoyasahau. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya macho, mwenye mimba, na mwenye mawazo ya kujiua, kila mmoja amweleze tabibu mapema. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 yataka watu wa kazi hii wasajiliwe. Wataalamu wa tiba hii wako hapa Kenya, nao wana chama chao. Ni haki ya kila mgonjwa kuuliza, "Umesajiliwa wapi, nawe umefundishwa na nani?"

Twajua pia kwamba wengi wetu, mtu akipiga kelele usiku, humsomea, humnywesha kombe, au hupeleka habari kwa mganga apunge pepo. Hatukuja kuvunja dua ya mtu. Kusomewa hutuliza, na kukusanyika kwa jamaa kumzunguka mgonjwa ni dawa ambayo hospitali haina. Tunalosema ni kwamba jambo moja halizuii jingine. Mguu uliovunjika husomewa, na huku ukafungwa. Lakini mtu kufungwa kamba, kunyimwa chakula au kupigwa ili pepo atoke, hilo ni kuongeza msiba juu ya msiba, na yatupasa kulikataza waziwazi.

Kwa hayo, Mheshimiwa Mwenyekiti, twaomba mkutano huu uamue mambo matatu.

La kwanza ni la ulimi. Mtu wa namna hii asiitwe mwoga wala mwendawazimu, barazani au nyumbani. Wazee wakianza, vijana watafuata.

La pili, Katibu aandike barua kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Kwale, kwa kuwa tangu mwaka 2013 huduma hizi zi mikononi mwa kaunti, kuomba wauguzi au matabibu wawili wa Hospitali ya Msambweni wapelekwe mafunzoni, na iwekwe siku moja kila mwezi ya kuwaona wagonjwa karibu na Bongwe. Mgonjwa aogopaye kupanda gari hawezi kuambiwa afuate tiba Nairobi.

La tatu ni la fedha. Chama kitenge fungu dogo la nauli kwa wagonjwa hawa, likae mikononi mwa mzee mmoja mwanamume na mama mmoja, watakaochaguliwa na mkutano. Tunaoshika madaftari twajua kwamba kila senti itokayo hutaka jina la aliyeipokea. Katika fungu hili twaomba daftari lioneshe tarehe, kiasi, na nambari tu. Majina wayajue wawili hao. Mkaguzi wa hesabu atapatana nao faraghani. Twajua lina hatari yake, maana penye giza fedha hupotea. Lakini jina la mgonjwa likisomwa mbele ya mkutano wa mwaka pamoja na bei ya misumari na mabati, hakuna wa pili atakayekuja. Ikiwa chama chaweza kuwaamini wawili hao kwa fedha, nao wagonjwa wataweza kukiamini kwa siri zao.

Msiba wa 1994 na wa 1997 haukutuuliza kama tu tayari. Watoto waliozaliwa baadaye sasa ni baba na mama, na baadhi yao wamelelewa na wazazi wasiolala. Tukiwatibu wazazi hao hata sasa, hatujachelewa.

Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu, na awape usingizi walioukosa.