Moto Alioukataa Bwana



Ndugu wapendwa, Mwinjili Luka atusimulia kwamba kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea Bwana. Yakobo na Yohane wakataka kuagiza moto ushuke toka mbinguni ukiteketeze. Bwana akawakemea, nao wakaenda zao mpaka kijiji kingine. Leo tutafakari juu ya moto huo alioukataa.

Huko India, wafuasi wa dini ya Kihindu ni karibu wanane katika kila watu kumi. Katiba ya nchi hiyo haielemei dini yoyote. Lakini imestawi humo siasa isemayo kwamba mwananchi wa kweli ni Mhindu, na wengine ni watu wa kuvumiliwa tu. Tarehe 6 Desemba 1992 umati ulibomoa msikiti wa kale mjini Ayodhya, na katika ghasia zilizofuata wakafa watu wapatao elfu mbili, wengi wao Waislamu. Mwaka 2008 ikawa zamu ya Wakristo wa wilaya ya Kandhamal: kiongozi mmoja wa Kihindu aliuawa, na kwa kisasi makanisa na nyumba zao zikachomwa, wakakimbilia porini. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliwapa Wahindu kiwanja cha Ayodhya, na Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe alishiriki ibada ya kulizindua hekalu lililojengwa hapo. Mkuu wa serikali alisimama penye altare ya dini moja. Wa dini nyingine wajione wapi?

Hayo yanatuhusu nini sisi wa Bagamoyo? Yanatuhusu sana. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanza utume hapa mwaka 1868, pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Mwislamu. Walikuwa wachache, tena wageni. Wakaachwa wajenge, wafundishe na kuwatunza watumwa waliokombolewa. Naye Sewa Haji, tajiri Mwismailia mwenye asili ya India, alitoa jengo la shule mjini humu ili watoto wa rangi zote wasome pamoja. Imani yetu, basi, ilichipua katika kivuli cha wengine.

Katiba yetu ya mwaka 1977 yatamka kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini, na kwamba kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Wako wanaodhani kwamba maneno hayo yamtoa Mungu nchini. Sivyo. Serikali isiyo na dini yake ndiyo iwezayo kumlinda kila mwenye dini. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya imani.

Mwezi Oktoba 2012, kule Mbagala, makanisa yalichomwa baada ya ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani. Siku zile tulidai ulinzi wa sheria, na tulidai kwa haki. Lakini je, haki hiyo twawatakia wengine pale ambapo sisi ndio wengi? Jirani Mwislamu akitafuta kiwanja cha msikiti, twafurahi naye au twanong'ona? Wakati wa uchaguzi, twapima uadilifu wa mtu, au twatazama kwanza kama ana jina la ubatizo? Moto wa Ayodhya haukuanzia kwenye nyundo. Ulianza kwa minong'ono kama hiyo, nyumbani mwa watu waliojiona wacha Mungu.

Ninyi makatekista, liulizeni swali hilo katika jumuiya ndogondogo juma hili, wala msiogope majibu. Nasi sote tukikataliwa kijiji kimoja, twende kingine, kiberiti tukiache.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.