DAWA NUSU HAIPONYI MTOTO

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Mara nyingi twakutana hapa kuzungumza juu ya mshahara na nyumba. Leo twataka kusema juu ya mkojo wa watoto wetu. Msicheke, maana jambo hili laweza kuharibu figo za mtoto maisha yake yote.

Mtoto mchanga hawezi kusema, "Nikikojoa naumia." Hushikwa na homa, hutapika, hukataa kunyonya. Sisi twasema ni malaria. Pengine ni vijidudu vilivyoingia katika njia ya mkojo, na vilivyo vingi ni E. koli, ambavyo hukaa matumboni mwetu sote.

Dawa za kuviua ziko, nazo huitwa antibiotiki. Lakini vijidudu vikipewa dawa nusu, vilivyo dhaifu hufa, vyenye nguvu husalia na kuzaana. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo mwaka 1945.

Mwaka 2016 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walikusanya hesabu za uchunguzi 58 kutoka nchi 26. Katika nchi tajiri, E. koli 53 hivi katika kila 100 za mkojo wa watoto ziliishinda ampisilini. Katika nchi nyingine zilikuwa karibu 80. Walidhani sababu moja ni dawa kuuzwa dukani bila cheti cha daktari.

Hayo twayajua sana. Mwisho wa mwezi mfuko ni mtupu, twanunua dawa ya siku mbili. Homa ikishuka, inayobaki twamwekea mdogo wake. Ndugu, sisi watu wa reli hatuachi boliti imekazwa nusu kwa sababu gari moshi moja limepita salama.

Basi, mtoto akiwa na homa isiyojulikana sababu, apelekwe hospitali upesi, nasi tuombe mkojo wake upimwe. Akipewa dawa, aimalize kama alivyoagizwa. Tusinunue bila cheti, wala tusigawane.

Nacho chama kidai ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto mgonjwa hospitali. Mzazi akikatwa mshahara wa siku hiyo, atakimbilia dukani tu, hata tukimhubiria namna gani.

Hoja hii twaileta mbele yenu ipigiwe kura.