Akitoka Nyumba Salama, Anakwenda Wapi?

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye semina ya vijana. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu tu.)

Makamanda, nina dakika kumi na tano na MC ameshaanza kuniangalia, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nilipoomba mada hii kuna kamanda aliniuliza, "Hii si ya Baraza la Wanawake?" Nikamwambia hapana, hii ni mada ya bajeti, na bajeti ni kazi yetu sote.

Tuanze na usiku wenyewe. Saa tatu usiku mwanamke kapigwa, katoka nyumbani na kanga moja na mtoto mgongoni. Anakwenda wapi? Kwa kawaida anaanzia kwa mjumbe, ambaye tukumbushane kwamba ni kiongozi wa chama tawala, si mtumishi wa serikali. Mjumbe anamwambia arudi, kesho wataongea. Akiwa jasiri anafika polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Na nitasema haki yake: dawati ni kitu kizuri. Kabla ya hapo mama alikuwa anasimulia kubakwa kwake kaunta, huku nyuma yake mtu anasubiri kuripoti simu iliyoibiwa. Vilevile vituo vya mkono kwa mkono, kama kile cha hospitali ya Amana pale Ilala, ambako daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii unawakuta sehemu moja, ni kazi nzuri. Upinzani si kukataa kila kitu.

Lakini dawati ni meza, makamanda. Lina faili, lina fomu ya PF3, lina askari aliyesomeshwa. Kitanda halina.

Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria kwa muda sasa, na kuna mama mmoja ambaye sitataja jina lake wala wilaya yake. Mkono umevunjika, watoto watatu. Kesi ilifunguliwa, mume akakamatwa, akapata dhamana. Sasa mume yuko nje, mke naye yuko nje, na nyumba ni moja. Askari wa dawati, binti mdogo tu, alimlaza kwake siku mbili, chumba kimoja, watu watano. Nyumba salama iliyokuwa na nafasi ilikuwa mkoa mwingine, ya masista. Nauli ilichangwa na huyo askari na afisa ustawi, kutoka mifukoni mwao. Nataka mlisikie hilo vizuri: ulinzi wa raia wa Jamhuri ya Muungano ulitegemea mshahara wa askari kuwa haujaisha.

Alikaa kule miezi mitatu. Mkono ukapona, akajifunza kushona. Wanawake wengine wanasubiri nafasi, ikabidi atoke. Haukupita muda akarudi kwa yule yule mwanaume.

Watu wakasema, "Si unaona, wanawake wenyewe ndivyo walivyo, wanapenda." Hapana. Piga hesabu. Chumba mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, mkononi. Kushona amejua, cherehani hana. Watoto wanahitaji uhamisho wa shule, na barua inatoka shule ya kijiji kile kile alikokimbia. Alirudi kwa sababu paa lililokuwepo lilikuwa moja tu, na lilikuwa la mume.

Hapo ndipo ninapotaka tuweke nguvu. Tukizungumzia wanawake walioko kwenye dhiki tunaishia kwenye kuokoa. Mwanamke kaokolewa, picha imepigwa, mgeni rasmi kahutubia. Siku 16 za kupinga ukatili zinaanza Novemba 25, Desemba 10 zimekwisha, fulana zimebaki za kufanyia usafi. Swali la miezi sita baadaye haulizi mtu.

Serikali ina mipango. Upo MTAKUWWA, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Ipo wizara nzima, iliyotengwa na afya mwanzoni mwa 2022, yenye jina refu la Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Sasa nendeni Mara. Msimu wa ukeketaji ukifika, mabinti wanakimbia nyumbani usiku kwenda nyumba salama za Mugumu na Tarime. Nyumba hizo zinaendeshwa na makanisa na mashirika. Serikali inaleta polisi na afisa ustawi, inashirikiana, sawa. Ila uji wa asubuhi, godoro na mlezi wa usiku vinatoka kwa mfadhili. Na mfadhili ana siku yake ya kuchoka. Mlimwona Marekani mapema 2025, alipositisha misaada ya USAID, jinsi watu walivyohangaika. Huduma ya uhai wa mtu haiwezi kukaa kwenye msingi huo.

Kwenye sheria nako kuna shimo. Mtoto ana Sheria ya Mtoto ya 2009. Mhanga wa usafirishaji haramu wa binadamu ana sheria ya 2008. Mwanamke mtu mzima aliyepigwa na mumewe ana nini? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Vizuri sana, ila kifungu chenyewe hakitaji adhabu, wala hakisemi mpigwaji alale wapi. Majirani zetu Kenya wana sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani tangu 2015, na inamtaka polisi amweleze mlalamikaji pa kupata hifadhi. Sisi bado tunaunganisha vipande.

Sasa fedha, maana tutaambiwa hakuna fedha. Kila halmashauri kisheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ninyi mnaijua, mmeshaiomba na kuzungushwa. Mwanamke anakopa kupitia kikundi, na kikundi ni watu wanaofahamiana, wa eneo moja. Aliyekimbia wilaya yake jana atapata kikundi wapi? Mtu mwenye ulemavu kanuni zimeshamruhusu kukopa peke yake. Kwa nini isiwe hivyo kwa mwanamke mwenye barua ya afisa ustawi kwamba ametoka nyumba salama? Cherehani na kodi ya miezi sita si fedha ya kuitisha mkopo wa nje. Kuna safari moja ya mafunzo ya wakubwa inayozidi hapo.

Kwa hiyo ajenda yetu isomeke hivi: kila halmashauri iwe na fungu lenye jina lake la hifadhi ya dharura, kuanzia nauli na chakula hadi malipo kwa nyumba salama inayompokea mtu wake, na fungu la kumwezesha akitoka. Sidai serikali ijenge majumba kila wilaya. Masista wanajua kazi, walipwe kwa kazi wanayoifanya.

Na sisi humu tusijitoe. Kuna makamanda wamesimama jukwaani kudai haki, wakirudi nyumbani mke ana jicho jekundu. Kesi zikija kwenye tawi tunazimaliza "kifamilia" ili chama kisichafuke. Mnajua ninachosema, wengine mnaangalia chini. Mwanamke wa kamanda naye anastahili dawati na kitanda, na tawi lisimzuie njia.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani. Bajeti za halmashauri zinajadiliwa na madiwani mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Julai. Hata pale ambapo hatuna diwani, kikao cha baraza ni cha wazi, nenda ukakae. Uliza ustawi wa jamii umetengewa shilingi ngapi, na kati ya hizo ngapi zimetoka kweli, maana kutengwa na kutoka ni ndugu wasioongea. Uliza kata yako ina afisa ustawi au anahudumia kata tano kwa bodaboda anayoilipia mwenyewe. Andika majibu, tuma kwa katibu wa mkoa, tuyaweke pamoja.

MC amesimama. Nichukue maswali, na ninaomba nianze na akina dada wa nyuma kule, hawajashika maiki tangu asubuhi.