Meli moja, ndege nne na watu wa Ziwa Tanganyika

(Mazungumzo yaliyotolewa Kalemie mbele ya manahodha, wenye mashua, wavuvi na akina mama wachuuzi wa ndagala)



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kutusikiliza. Tunajua kwamba ziwa likiwa tulivu kama leo, saa moja ya kukaa kwenye benchi ni saa moja ambayo nyavu hazikutupwa. Tutajaribu tusiwapotezee muda.

Katika mkutano uliopita mlituuliza swali, nasi hatukulijibu vizuri. Mlisema: askari akipanda mashua ya abiria pamoja na bunduki yake, kosa liko wapi? Yeye si mtoto wa nchi kama sisi? Na yeye hana mama wa kwenda kumsalimia Moba? Tuliahidi kurudi na jibu. Leo hatutaanza na sheria. Tutaanza na habari ya meli moja ambayo nyote mnaijua kwa jina, na wazee wengine hapa wameipanda. Ni Liemba.

Kabla ya kuitwa Liemba, meli hiyo iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyewatawala watu wa ng'ambo wakati wa vita vya Majimaji. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913. Baada ya kujengwa ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Huko ikaunganishwa tena, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini. Urefu wake ni mita 71 hivi. Kwa wakati ule hakukuwa na kitu cha kulingana nayo katika ziwa hili. Upande wetu Wabelgiji walikuwa na meli ndogo, Alexandre Delcommune, na hiyo Wajerumani walikuwa wameishambulia kwa mizinga tangu Agosti 1914 ikaharibika.

Mkumbuke kwamba Götzen haikupangwa kuwa meli ya vita tu. Ilipangwa kubeba watu na mizigo. Lakini vita vilipoanza, ikapewa kazi nyingine. Iliweza kuchukua askari mia nane, hata mia tisa, kwa safari moja. Ninyi mnajua urefu wa ziwa hili, karibu kilomita 670. Askari wakitembea kwa miguu kandokando ya maji, toka Usumbura mpaka Kasanga kule kusini, ni majuma na majuma, na wengine wanafia njiani kwa homa. Meli iliwafikisha kwa siku chache tu. Kwa hiyo Wajerumani wenye askari wachache walionekana kama wenye askari wengi: leo wako huku, kesho kutwa wako kule. Pia walifunga juu yake mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia kwenye mdomo wa Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Waingereza walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini. Toka Fungurume zilivutwa porini na kupitishwa juu ya milima ya Mitumba, halafu reli, halafu mto Lualaba, halafu reli tena mpaka hapa. Kwa hizo walimkamata Kingani siku moja baada ya Noeli ya 1915, na mwezi wa Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen hawakuigusa. Ilikuwa kubwa mno.

Ndipo zikaletwa ndege. Waingereza waliwakopesha Wabelgiji ndege nne aina ya Short, zile zinazotua majini, zenye miguu kama mitumbwi miwili. Nazo zilikuja katika masanduku, toka baharini, kwa reli na kwa meli za mto, zikavuka Kongo nzima. Zilipofika, warubani waliona jambo ambalo mvuvi yeyote wa hapa angewaambia bure: mawimbi ya ziwa hili wakati wa kiangazi hayachezewi. Ndege ya mbao na kitambaa ingevunjika kabla ya kuruka. Basi wakatafuta maji yaliyotulia, wakayapata katika ziwa dogo la Tongwe, karibu na Mtoa, kaskazini ya hapa tulipo. Wale wanaotoka upande wa Mtoa wanapajua.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa, karibu kilomita 120, wakaangusha mabomu juu ya bandari ya Kigoma, wakiilenga Götzen. Wengine wakafuata siku nyingine. Wabelgiji walitangaza kwamba meli imepigwa. Katika mikutano yetu tumesikia mara nyingi watu wakisema ndizo ndege zilizoizamisha. Hapana. Meli haikuzama kwa bomu. Jeshi la Wabelgiji, yaani askari wa Force Publique, watoto wa Kongo chini ya maofisa wazungu, lilikuwa linashuka kutoka Burundi, na reli ya kurudi Tabora ilikuwa hatarini. Wajerumani wakaamua kuondoka. Tarehe 26 Julai 1916 mafundi waliopaka mitambo mafuta mazito isipate kutu waliizamisha meli wao wenyewe, taratibu, ili siku moja wairudie. Siku mbili baadaye jeshi likaingia Kigoma.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi lilitushangaza tulipolisoma. Ule mzinga mkubwa uliokuwa unaogopwa pwani hii yote ulikuwa umekwisha kuondolewa, ukapelekwa kupigana nchi kavu. Mahali pake waliweka mzinga wa mti uliochongwa. Warubani walihatarisha maisha yao kwa ajili ya gogo. Lakini toka juu gogo na mzinga ni kitu kimoja.

Wandugu, hapo tunaomba tukae kidogo.

Toka juu mtu haoni mengi. Anaona meli. Anaona watu wadogo wadogo wanakimbia gatini. Je, ni askari? Ni wapakuzi? Ni wake wa askari? Maana tunajua kwamba askari wa Wajerumani walifuatana na wake zao na watoto, na wapagazi, na wapishi. Vitabu vinatupa jina la rubani, na jina la kapiteni Gustav Zimmer aliyeongoza meli za Wajerumani. Jina la mpakuzi mmoja wa Kigoma aliyejitupa majini siku ile hatukulipata popote. Hata wale waliobeba masanduku ya ndege na kuvuta mashua za Waingereza juu ya Mitumba, wao ni "wapagazi" tu, na idadi. Katika vita vile wapagazi wa Kongo walikuwa zaidi ya laki mbili. Hao ni babu zetu, wa huku na wa ng'ambo, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anataka vita.

Sasa swali lenu. Je, rubani alikuwa na haki ya kuipiga meli ile? Kwa sheria ya vita, ndiyo. Meli inayobeba askari na silaha kwenda kupigana ni kitu cha kijeshi, hata kama ilijengwa kubeba abiria. Jina lake haliikingi, wala rangi yake, wala tiketi za watu waliomo. Protokali ya 1977 iliyoongezwa juu ya Mikataba ya Geneva inasema hivi kwa kifupi: kitu cha raia kikitumiwa kwa kazi ya vita, na kukiharibu kukimpa adui hasara ya kweli, kinaweza kupigwa. Ni kweli anayepiga analazimishwa kuchunguza kwanza, na kupima idadi ya raia watakaokufa, na akiwa na shaka aache. Lakini sheria hiyo hiyo inamwambia na yule anayepigwa: usiweke askari wako na silaha zako katikati ya raia. Huyo pia ana kosa. Katika mafunzo yetu tulikuwa tunasema sana juu ya yule wa kwanza, na juu ya huyu wa pili tulikuwa tunanyamaza, kwa sababu ya woga. Tunalikiri.

Tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulipanda mashua usiku kwenda Moba. Abiria walikuwa wengi, mahindi, mafuta ya mawese, mbuzi wawili. Kabla ya kuondoka walifika watu wenye silaha, hatutasema wa kundi gani, wakapakia masanduku na kuyafunika kwa magunia ya unga ya mama mmoja mchuuzi. Hakuna aliyesema neno. Nahodha aliangalia maji. Sisi pia, wenye fulana za shirika zilizoandikwa amani mgongoni, tuliangalia maji. Yule mama peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini: "Wakitupiga, watasema walipiga unga wangu ao masanduku yao?" Usiku ule hatukupigwa. Lakini swali lake hatujalisahau, na ndilo jibu letu kwenu.

Askari mmoja anayekwenda likizo kumwona mama yake, bila silaha, haifanyi mashua nzima kuwa kitu cha vita, hata kama yeye mwenyewe anabaki askari. Tusimfukuze kama mwenye ukoma. Lakini kikosi chenye bunduki, au masanduku ya risasi chini ya unga, kinaigeuza mashua. Dakika ile ile mama, mbuzi, mtoto wa miezi mitatu, wote wamekaa juu ya Götzen bila kujua. Na leo ndege za vita hazihitaji tena ziwa tulivu la Tongwe. Ziko ndege zisizo na rubani ndani, na anayeziongoza anaweza kuwa mbali sana, anatazama kioo.

Ile meli haikuishia hapo. Mwaka wa 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mitambo, kwa ajili ya yale mafuta, ilikuwa bado mizima. Mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Na mwaka wa 1997, wakati ndugu zetu waliokimbia vita ya kumwondoa Mobutu walipokuwa wanarudi, HCR iliitumia kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka Uvira. Zaidi ya watu 75,000. Pengine hata ndani ya chumba hiki yuko aliyerudi nayo. Mwezi wa Mei 2015 ilichukua wakimbizi wa Burundi waliojaa pale Kagunga, wengine na kolera, ikawapeleka Kigoma. Chuma ni kile kile kilichobeba askari mwaka wa 1916. Katika safari hizo watu walipanda wakijua kwamba chini ya mizigo yao hakuna kitu kilichofichwa.

Basi tufanye nini? Mara ya kwanza tulipokuja tuliwaambia: kataeni. Nahodha mmoja, tunamwona pale nyuma anacheka, alitujibu: "Ninyi mtakuwa ofisini Kalemie, mimi nitakuwa majini pamoja nao." Alikuwa na haki. Mtu mmoja hawezi kumkatalia mwenye bunduki saa tatu za usiku gatini. Tuliwapa shauri ambalo sisi wenyewe hatukulifuata ndani ya ile mashua ya Moba.

Leo tunaleta mambo mengine, ninyi mtuambie yapi yanawezekana. La kwanza, mazungumzo na wakuu wa askari yafanyike mchana, nchi kavu, na kamati nzima ya bandari, si nahodha peke yake. Waelezwe kwamba sheria ya kutenga askari na raia inawakinga na wao, kwa kuwa mashua iliyojaa mama na watoto haiwezi kukimbia wala kupigana. Wakiwa na safari yao, wapewe mashua isiyo na abiria, hata kama ni ya kulipa nusu. Tunajua nusu hiyo mara nyingi hailipwi, na juu ya hilo tumeahidi kufuatana nanyi kwa wakubwa. Jambo la pili ni orodha. Kila mashua iache bandarini karatasi yenye majina ya abiria wote, mama Fulani wa mtaa Fulani, na mtoto mgongoni ahesabiwe pia. Wengine wamesema ni kazi ya bure, kalamu zenyewe zinalowa. Kalamu na madaftari tumeleta, yako katika lile sanduku karibu na mlango, pamoja na mifuko ya nailoni.

Juu ya masanduku yanayofunikwa kwa magunia ya watu, hatuna shauri zuri. Akina mama wachuuzi walikutana jana bila sisi, na wametuambia wana neno. Tunamwachia nafasi mwenyekiti wao, kisha nahodha wetu wa pale nyuma.